Kibati cha Peremende

Kwa elfu kumi na nane sikutarajia muujiza.
Fundi Msellem wa Chake alikitoboa mbele ya macho yangu:
matundu matatu ya jeki, moja la swichi,
ndani waya sita na matone ya risasi
kama mavi ya mjusi kafiri,
juu jani la nanaa, nusu limekwanguka.
Hakili betri, akasema. Hakiombi kitu.
Wewe kanyaga tu.

Basi nakanyaga.
Kushoto amplifaya ya Khatibu,
ya zamani, ya vioo vinavyowaka ndani,
inataka dakika nzima kupata moto
na ikishapata inanukia vumbi lililobanikwa.
Sauti yake nene, ina kikohozi,
kama mtu anayekwambia jambo huku anatafuna.
Kulia yangu, nyeusi, ya dukani,
kila noti inatoka imepigwa pasi.
Gita moja, waya mmoja hadi kwenye kibati,
halafu njia mbili. Na mie si fisi.

Ila kinasema pwa!
Kila nikibadili, pwa!
Kwenye harusi ya Jadida shangazi wa bibi harusi
aliangusha sahani ya sambusa,
akanitazama kama niliyejamba mbele za watu.

Na kuna mvumo.
Zikiwashwa pamoja zinanong'onezana, nnnnn,
hazipumui.
Jirani akasema kata mguu wa tatu wa plagi, zitanyamaza.
Nikampigia Msellem. Akaniita kwa jina la baba:
"Bin Shaame, ukikata waya wa ardhi
mvumo utatoka kwenye spika uingie kifuani mwako.
Umeme huo umetoka Tanga, umepita chini ya bahari,
haukuja huku kutaniana na wewe."
Nikazichomeka zote ukutani, soketi moja.
Mvumo ukapungua. Haukwisha.
Na mie nikapunguza kulalamika.

Hakina taa ya kukuonyesha uko upande gani.
Salhina akakipaka rangi yake ya kucha, nyekundu, kushoto,
nisiinamie miguu yangu, alisema,
kama aliyepoteza senti.

Kushoto zamani alikaa Khatibu mwenyewe.
Mie nauliza, yeye anajibu,
mara nyingine anajibu kabla sijauliza,
tukagombana njia nzima kutoka Mtambwe.
Sasa nauliza kwa yangu,
nakanyaga,
najijibu kwa yake.
Vidole ni hivi hivi.
Ila nikishafika kwenye wekundu mkono unachelewa kidogo,
unaburuta noti ya mwisho kama kiatu kilicholegea kamba,
na mie sikuufundisha.

Baina ya huku na kule,
kabla ya pwa,
pana kimya kidogo kuliko punje ya uwele.
Wachezaji hawakisikii.
Mie naingia humo, natoka.

Mtoto wa dada kanionyesha nyingine kwenye simu,
ya ng'ambo, laki mbili na themanini,
haipigi kelele, ina taa ya buluu.
Nikaitazama sana. Nzuri.

Juzi Gando, katikati ya shughuli, springi ikachoka.
Swichi ikasimama kati, si huku si kule,
zote mbili zikasema kwa pamoja,
yenye kikohozi na yenye pasi,
na chini yao mvumo kama pampu ya maji.
Mpiga ngoma akageuza shingo
akatazama upande wa kushoto, penye kiti kitupu,
kisha akaongeza mwendo.
Sikukanyaga tena mpaka mwisho.

Asubuhi nikakipeleka Chake.
Msellem akafungua, akapuliza, akacheka:
"Dakika tano. Swichi mpya elfu mbili."
Dole gumba lake likawa tayari juu ya springi.
Ngoja, nikamwambia.
Kwanza tunywe chai.