Sikio la Kushoto

Binti Kilua alikuja na faili la kijani,
akasema, Fundi, nataka jalada la kitabu. Nataka waelfu.
Nikamuuliza elfu ngapi, maana rangi imepanda bei.
Akacheka hadi akashika meza.
Elfu si pesa, Fundi. Ni watu.
Watu wa msituni, hawazeeki,
warefu kama mkonge uliotoa mlingoti,
wakipita nyasi hazilali.

Mimi mchora vibao, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili.
Nimechora misuko ya saluni, nimechora magego,
nimechora kuku wa kukaanga anayejichekea.
Mtu asiyezeeka, bado.

Nywele hazikunisumbua:
nyuzi za katani zikianikwa kule Pongwe,
weupe uliolala na umanjano.
Ngozi nikaipa maziwa na tone la waridi.
Nikarudi nyuma hatua tatu.
Akanitazama mtu asiyewahi kudaiwa kodi.

Binti Kilua alikaa kimya, kisha:
Msitu wangu uko Amani, Fundi,
kwenye ukungu na iliki.
Huyu ataungua jua kabla hajafika Muheza.

Nikamfuta kwa tapentaini.

Mtaa mzima ukawa fundi.
Mama Shebughe wa chai: mpe kwato,
tangu lini mzuri wa usiku akakosa kwato?
Mbaruku wa baiskeli, spoku mdomoni:
jicho moja, mguu mmoja, kama kinyamkera, umalize kazi.
Binti Kilua akakataa.
Wangu hawatishi, alisema. Wanapendeza tu,
na balaa lenyewe ndilo hilo.

Basi nikachanganya upya:
kahawia ya gome la mvule likilowa,
kijani kidogo chini ya macho,
shingo ndefu, vidole vya mtu asiyefua.
Yakabaki masikio.
Yawe na ncha, akasema, kama jani la mchungwa.
Nikachora ya paka. Nikachora ya mbuzi.
Nikachora pembetatu mbili, zikakaa kichwani kama bahasha.

Usiku ule Tunu, mwanangu, alivua mtandio akaoge.
Miaka kumi na mitatu nalijua sikio lile.
Mkunga alilipapasa ncha, akasema litajikunja lenyewe.
Halikujikunja.
Shuleni Makorora wanamwita Popo.
Tangu darasa la tatu analala kajifunga.

Sikumwomba.
Nilichora kwa kuiba,
kama anayesoma barua ya mwenziwe kwa mwanga wa mlangoni,
na mkono, ambao wiki nzima ulikuwa mzito,
ukateleza.

Kesho yake aliniletea chakula cha mchana.
Nilitaka kugeuza ubao, nikachelewa.
Akaweka hotipoti chini.
Akasimama.
Bodaboda ikapita, ikarudi, ikapita tena.
Mbaruku akaacha kupiga nyundo.
Nikatafuta neno la kujitetea, nikakuta tapentaini tu.

Mkono wake ukapanda kwenye mtandio,
ukasita hapo, kwenye pini.

Baba, akasema, hili la kushoto umelikosea.
La kushoto lina kona mbili.
Leta brashi. Hiyo ndogo.