Dakika Nne

Makete, Julai. Sakitu imeunguza viazi vya kina Tweve.
Nje ya wodi ya wazazi pampu ya joto inanguruma,
inaikamua hewa
kama ng'ombe wa Kitulo anayekaribia kukauka.
Fundi Chaula alituapia: hata kwenye baridi joto limo,
limejificha tu.
Hatukumwamini.

Saa kumi alfajiri inanyamaza.
Mapezi yake yameota barafu;
inachukua joto la wodi kidogo, ijiyeyushe.
Dakika nne.
Mzazi wa kitanda cha tatu anavuta blanketi:
"Imekufa?"

Nesi Twilumba hajibu.
Ametoka bombani sasa hivi.
Amesimama kando ya kichanga,
anapulizia viganja vyake mwenyewe
kwanza,
kabla hajamgusa.