Mishale ya Veijo

Siku ya tatu ya baridi kali, Oulu.
Dirisha la ofisi limeota barafu kwa ndani,
nami nimeachiwa faili la Veijo Kallunki:
mistari elfu mbili na mia tatu,
faili lisilo na mkia jinani wala neno la maelezo,
linaloiamuru programu ya kupimia unene wa mto
ijijenge kipande kwa kipande,
kila usiku, miaka kumi na tisa.

Veijo kastaafu. Simu haipokei.
Wanasema yuko kaskazini, anapasua kuni.

Nimesoma hadi macho yakagoma.
Hiki chahitaji kile, kile chamsubiri yule,
yule hazaliwi mpaka huyu apikwe.
Inkeri akapita na soksi zake za sufu:
"Acha kulisoma. Litazame."

Akanisakinishia chombo cha michoro.
Nikabofya mara moja tu,
faili likaamka kutoka ulalo wake,
likawa visanduku, likawa mishale,
ukoo mzima ukajipanga kiooni,
mababu chini, wajukuu juu,
kijani aliyekamilika, manjano anayengoja,
na mmoja pembeni,
mwekundu kama jicho la mwenye homa.

Nikamgusa, akafunguka.
Mstari mmoja, mwanzoni mwake nafasi nane
mahali palipotaka Tab moja.
Weupe juu ya weupe! Nani angeona?
Theluji ya juzi na theluji ya leo
zimelala vivyo hivyo huko nje.
Tab.
Irabu moja tu pungufu ya tabu.

Nikafuta, nikabonyeza, nikaamuru: jenga.
Kijani kikapanda, kisanduku baada ya kisanduku,
mithili ya taa za ghorofa watu wakirudi kutoka kazini.

Ndipo nikakiona kidogo kimoja, chini kabisa,
kisichotegemea chochote,
na kila mshale, ukiufuata, unaishia kwake.
Jina lake: *kahvi*.
Kazi yake moja, kuandika kiooni:
"Kunywa kahawa kwanza. Barafu haina haraka."
Miaka kumi na tisa, saa nane za usiku,
kimelisema hilo kwenye chumba kisicho na mtu.

Inkeri akacheka. "Tukifute?"
Nikakipelekea kishale, kikatetemeka juu yake kidogo,
nikakirudisha.

Nikaenda kutafuta birika.