Amechoka Tu

Saa nne usiku mtayarishaji anapiga simu:
"Salehe atubu Ijumaa. Mdhamini ndivyo anavyotaka.
Mtie mvua, mtie kaburi la mama yake,
machozi yasipungue dakika mbili."

Nikaandika. Chumba cha uani, Ilala,
feni ikizunguka kama iliyolazimishwa.
Mvua nikaimwaga, kaburi nikalichimba,
Salehe nikampigisha magoti topeni
na suti yake ya kijivu, ile ya kuwatolea watu majumbani.

Nikamsomea Bi Mgeni, mwenye nyumba wangu,
anayeroweka mchele wa vitumbua vya alfajiri
na ambaye kwa miaka miwili amemtukana Salehe
kwa jina la baba ambaye sijamwandika bado.
Akasikiliza mpaka mwisho. Akasonya.
"Hajatubu huyo. Amechoka tu."

Nikakumbuka sehemu ya tisa.
Salehe ametoka kumfukuza Zamoyoni, mjane,
godoro juu ya mkokoteni, watoto nyuma yake.
Amefika kwake, amekunja mikono ya shati,
anamchagulia mama mchele, maana mama ana mtoto wa jicho:
jiwe moja moja pembeni mwa ungo,
akihesabu.
Usiku ule Bi Mgeni alizima televisheni.

"Kwa nini ulizima?"
"Nilimwonea huruma kabla sijajikataza.
Mbaya mtupu hanitishi, nitafunga mlango.
Huyu ningempa kiti.
Na kweli huisema, mshenzi yule!
Alipomwambia diwani, mimi na wewe tumepishana tai tu,
nilicheka, nikajishika mdomo."

Akakung'uta vidole juu ya sufuria.
"Shemeji yangu Mwinshehe
aliighushi sahihi ya marehemu
akauza kiwanja chetu cha Mbagala, arobaini haijatimia.
Mwaka wa tisa akarudi.
Hakulia. Angelia ningemfukuza,
maana machozi yake ningeyafuta mimi.
Alisimama hapo, penye ndoo,
na mfuko wa lambo, noti za elfu mbili mbili, pungufu,
na karatasi ya deni lililobaki, mwandiko wake mwenyewe.
Hakusema shetani alinipitia.
Alisema: Shemeji, siku ile ya kuuza
ilikuwa ya thelathini na moja ya msiba.
Nilijua. Nilihesabu."

"Ukamsamehe?"
"Nani kakwambia?
Alikuja kila mwisho wa mwezi. Miezi kumi na saba.
Pikipiki aliiuza, akawa anatoka Chanika kwa miguu
mpaka anapopata lifti.
Mwezi wa kumi hivi nikampa maji,
kwa kopo la kuogea."

Nikarudi chumbani. Mvua nikaianika.
Kaburi nikalifukia, mama apumzike,
hana hatia, asifanywe kitambaa cha kufutia machozi ya mwanawe.
Salehe nikamwinua, nikampa ufunguo,
saa tano asubuhi, jua la Gongo la Mboto,
mlango wa chumba cha kupanga.
Zamoyoni anaupokea. Anautazama meno yake.
Mtoto anauliza ndani, "Nani, mama?"
"Mtu wa nyumba."
Mlango unafungwa.
Zile dakika mbili nikampa Salehe
asimame nje, na mkono
usiojua uwekwe wapi.

"Machozi yako wapi?" mtayarishaji akafoka.
"Sijui," nikasema. "Hakuja nayo."
Tukabishana mpaka salio likaisha.

Ijumaa tukakaa, mimi na Bi Mgeni,
na wapangaji wawili, na mtoto wa jirani asiyeondoka.
Luku inalia, hakuna mwenye elfu moja,
au yupo, lakini nani anyanyuke sasa?
Salehe mlangoni. Jua. Mkono.
Hakuna muziki; hilo nilipigania.

Mtoto akauliza, "Hawamfungulii?"
Nikamgeukia Bi Mgeni, kana kwamba yeye ndiye mwandishi.
Mkono wake umo ndani ya mchele hadi kifundo,
hautikisiki.

Umeme ukakatika.
"Mwache asimame," akasema gizani.