Kapo Haishushi

Bundala aliyenifundisha aliniambia mapema:
kapo ni mkongojo.
Aliyasema hayo akiwa na vidole kumi vizima,
akalaza cha shahada juu ya nyuzi zote sita,
gitaa likaitika kama limetishwa.

Mimi cha shahada, mkono wa kushoto,
nusu nimeiacha Sengerema
kwenye mashine ya kukoboa mpunga.

Basi nikajitengenezea:
penseli iliyotafunwa kisogoni na mdogo wangu,
ukanda wa mpira wa baiskeli,
nikafunga, nikakaza, nikakaza tena,
penseli ikalala juu ya nyuzi
kama mtu aliyelala kizingitini
kila anayetoka sharti amruke.

Kodi nazijua tatu.
Nne, ukihesabu ile ya huzuni.
(Manispaa wananizidi.)
Ila ukiisogeza kapo,
kodi zilezile zinahama na vyombo vyao,
kinu, mkeka, kuku miguu imefungwa,
kama mtu wa Mabatini
aliyehama bondeni akapanga juu ya mawe:
chumba kilekile, godoro lilelile,
mwenye nyumba mkali vilevile,
ila asubuhi ukifungua mlango
ziwa hilo.

Nyanzobe alipojiunga nasi, Igogo,
kwenye stoo ya nyavu tuliyoazimwa Jumamosi,
alikuwa freti ya tano.
Nilichora alama kwa wino ubavuni mwa shingo ya gitaa,
nukta moja, ya kwake.
Sauti yake ilipanda ngazi bila kushika ukuta.
Tulipiga harusi za Nyakato, kipaimara, misiba miwili,
penseli haikutoka pale miaka saba.

Halafu watoto. Halafu moshi wa kubanika sangara.
Halafu uvimbe, na foleni ya Bugando,
na siku aliporudi amefunga kitenge kooni
akakifungua mwenyewe, tuone tuyamalize:
mshono mwembamba, umelala,
shingoni,
pale hasa ambapo mimi ningefunga kapo.

Hakuna aliyesema neno.
Nikashuka freti ya tatu.
Hakuniomba, wala sikumtangazia;
nilijifanya nakaza mpira.
Mwaka uliofuata, ya kwanza.
Alikuwa anajua. Mtu hupandishiwa bei asijue,
lakini kushushiwa sauti
utajua tu, hata wakuchekee.

Jumamosi ile nikaivua kabisa,
nikaitia mfuko wa shati,
na bado, kwenye ule mstari wa pili,
alinyoosha shingo, akakosa, akakohoa,
akasema ni vumbi la nyavu.

Sasa nifanye nini?
Kapo haishushi.
Ni kifaa cha kupanda tu,
kama ahadi za wanaogombea;
chini ya nyuzi wazi haina la kukupa.

Nikashika vigingi.
Uzi mmoja mmoja nikalegeza,
vikilia ngwii, ngwii,
Dotto wa ngoma kainamia simu,
nje mtu anagonga chuma cha mtumbwi wa injini.
Nikafika wa sita, nikaanza upya,
maana wa kwanza ulikuwa umeshajisahau.

Nyanzobe akanitazama.
“Unazilegeza hivyo,
unataka tuanike nguo?”

Kisha akaimba.
Nyuzi zilikuwa teketeke, zikigusa vyuma,
zikivuma kama wadudu wa ziwa
wanapoizunguka taa ya kibandani,
na katikati ya mvumo huo
sauti nyingine kabisa, ya chini, nzito, yenye changarawe,
ikakaa chini pale kama mtu aliyefika kwake
na kuvua viatu.

Bundala, aliyekuja kudai kipaza sauti chake,
alisimama mlangoni, akasahau kudai.

Penseli nimempa binti yake,
anaandikia madeni ya dagaa.
Ubavuni ina makovu sita ya nyuzi.
Nimeichonga.
Inaandika.