Spana Iliyonyooshwa

Hoza kaninyooshea spana.
Kaibana kwenye jiliwa, kaitia moto, kaigonga taratibu,
kaipiga msasa, kaitundika ukutani na wenzake
kwa mpango wa namba: kumi, kumi na tatu, kumi na saba,
ikafuata hiyo. Jasho lingali kidevuni, akanionesha:
"Fundi Mwanjaa, hii ilikuwa imepinda."

Nikasema ahsante. Ningesema nini?
Kijana ana wiki tatu karakana ya Pongwe,
mama yake alimleta na jogoo wa kienyeji kwapani,
na kupinda, kwa aliyelelewa vizuri, ni kosa.

Jioni ile korona ikaanza kuutafuna mkonge ovyo.
Singa zinatoka zimeshikana na nyama ya kijani,
visu vya ngoma vimeachana na kitanda chake
kwa unene wa ukucha, basi.
Na nati ya kurekebishia iko nyuma,
chini ya puli, ubavuni mwa beringi,
pale alipoiweka mtu ambaye, naapa,
hakuwahi kuifungua mwenyewe.

Zamani spana yake ilikuwa mkono wangu.
Nilikuwa na miaka kumi na mitano.
Nyapara Semgaya akipaza sauti, "Mwiteni mkono wa panya!"
nami nalala kifudifudi kwenye maji ya mkonge,
yale yanayowasha hadi usiku wa pili,
naupitisha mkono mpaka kwapani,
naitafuta nati kama mtu anayepapasa swichi
gizani, kwenye nyumba ya watu.
Siku moja mtu akauvuta mkanda sijatoka.
Ukucha huu haukuota tena. Tazama.

Mwaka uliofuata mkono ulinenepa.
Nikamshukuru Mungu, nikaenda kutafuta waya.

Waya laini, wa kufungia nondo.
Niliuingiza mle, nikauacha ujifunze njia:
ushuke, ulalie kulia, uizunguke beringi,
kisha ujisogeze kando kidogo
kama anayempisha mgeni mlangoni.
Nikautoa polepole usije ukasahau.
Nikachukua spana ringi ya kumi na tisa,
nikaisaga mashavu kwenye jiwe mpaka ikakonda,
nikaichoma ikaiva kama tunda la mchikichi,
nikaipinda, nikailaza juu ya waya, nikaipinda tena.
Mara tatu korona iliikataa.
Ya nne, nikahisi kiganjani imeing'ata nati.
Sikumwambia mtu. Nilikwenda nje nikanywa maji.

Ile haikuwa imepinda, Hoza.
Ilikuwa imenyooka kwa njia yake.

Hayo nayasema sasa. Wakati ule nilinyamaza,
na yeye akaelewa ukimya, akakunja mkono wa shati.
"Mkono wangu unapita, fundi."
Akauingiza. Kweli ulipita,
mwembamba, mlaini, hauna hata baka.
Msimamizi simuni anauliza lini, matrekta yamepanga foleni,
majani yananyauka,
na mimi naona kiwiko kinazama chini ya puli
polepole, kama kinavyozama changu.

"Toa."
"Nimeshaigusa, fundi, nati hii hapa..."
"Toa mkono. Kalete waya."

Tulikesha. Waya wa kwanza aliuvuta kwa pupa, ukasahau.
Wa pili nao. Wa tatu akautoa huku amezuia pumzi,
akaubeba hadi mezani kwa viganja viwili
kama mtu aliyebeba yai la kanga.
Chuma chenyewe kilikuwa kimechoka kuchomwa mara mbili,
kikapata ufa karibu na shingo, tukachomelea,
ikatoka spana mbaya kuliko ya kwanza, ina nundu.
Saa tisa usiku ikang'ata.

Alipoitundika akaniuliza aandike namba gani.
Nikamwambia hiyo haina namba, andika inakokwenda.
Akafikiri, kisha kwa chaki, herufi kubwa,
akaandika: NYUMA YA PULI. USIGUSE.

Asubuhi nikamkuta anaigusa.