Safu ya Mvua

Fomu inasema: eleza utafiti wako
kwa maneno yasiyozidi mia tatu.
Nafasi ni moja, ya miaka miwili,
kwa waliomaliza uzamivu juzijuzi,
katika mji wa theluji nisioweza kuutamka.
Mwisho wa kutuma ni leo,
saa sita usiku kwao, kwetu Dodoma saa nane.

Naandika: Mimi, Nyemo Chilongani, ni mtafiti wa angahewa.
Nafuta.

Mjomba Sewando aliniuliza siku ya mahafali,
soda mkononi, "Daktari wa nini hasa?"
Wa hewa, nikasema.
"Kwani hewa nayo inaumwa?"
Watu wakacheka, nami nikacheka,
ila swali lilipanda nami pikipiki
likakaa nyuma hadi Bahi.

Nimesoma wingu.
Lile la Januari linalosimama juu ya mbuga,
limekolea weusi, halina haraka,
kisha linaachia maji. Unayaona kwa macho,
nyuzi za kijivu zinaning'inia
kama pindo la kanga lililofumuka,
na maji hayafiki chini.
Hewa kavu inayanywa njiani.
Kwa kipimo changu, mita elfu na mia mbili juu ya mtama
mvua inaacha kuwa mvua.
Huku chini chamchela anazungusha vumbi
na karatasi za saruji.

Nilirusha maputo tisa. La kumi lilikosa gesi,
na gesi ilikosa fungu la bajeti.
La nne liliangukia shamba la zabibu Makutupora;
mwenye shamba alileta kifaa kimefungwa kwenye kitambaa,
akadai fidia ya vishada viwili.
Nilimlipa. Hakuna safu ya gharama hiyo kwenye ripoti.

Kipima mvua cha shule anakisoma Mbeleje,
mpishi wa uji wa watoto mia nne.
Saa tatu asubuhi anafuta mikono,
anainama, anatazama, anaandika.
Nilimwelekeza: pasipo na kitu, weka sifuri.
Daftari liliporudi halikuwa na sifuri hata moja.
Ukurasa kwa ukurasa, kwa kalamu ya bluu:
Bado.
Bado.
Bado.
"Sifuri ni ya kitu kilichokwisha," aliniambia.
"Hii haijakwisha. Haijaja tu."

Nikakesha siku mbili nageuza bado kuwa 0.0,
mara mia mbili na kumi na nne,
maana kompyuta haikufundishwa kungoja.
Makala ilikubaliwa.
Mhakiki wa pili alisifu usafi wa takwimu.

Mama kapiga simu jioni.
"Umeshamaliza kusoma?"
Nimemaliza.
"Sasa unaomba nini?"
Kusoma, ila kwa mshahara.
"Na miaka miwili ikiisha?"
Nitaomba tena.
Akanyamaza. Nikasikia mwiko
ukigonga ukingo wa chungu cha mlenda,
mara moja, mara mbili.
"Wewe na mawingu yako," akasema, "mmefanana,"
na salio likakata.

Saa saba na nusu.
Maneno mia mbili tisini na nane,
yote yamechanwa nywele, yamevalishwa viatu.
Kiambatisho cha tatu: takwimu za mvua.
Ninayo nakala safi.
Ninayo pia ya kwanza, kama ilivyotoka jikoni,
na doa la uji kwenye mwezi wa Februari.

Naweka ya kwanza.
Onyo linawaka jekundu: ingizo si namba,
mstari wa pili, wa tatu, wa nne, hadi chini.
Je, uendelee hivyo hivyo?

Taa inazimika, mtaa mzima,
kompyuta inabaki na asilimia sita.
Dirishani, upande wa Bahi,
umeme unamulika bila ngurumo.
Kidole kiko juu ya kitufe.